Kaseti Isiyo na Kibandiko

Hebu fumba macho kidogo, ujenge akilini picha ya chumba kisicho na dirisha. Baridi yake inauma meno. Katikati pana kabati la chuma lenye mlango wa kioo, na ndani yake kaseti za kuhifadhia data za kompyuta zimepangwa kama vitabu. Mkono wa chuma hupanda na kushuka, ukichagua. Kaseti hizo ndizo kumbukumbu za hospitali nzima.

Jua likizama, fundi wa chumba hicho alimpita mlinzi mbio.

"Leo hata salamu hakuna?" mlinzi akamtania. "Hizo mashine zitakuzeesha kabla hujaolewa!"

Hakucheka. Juu wodini, mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa hajitambui. Madaktari walitaka faili lake la zamani, wajue ni dawa gani iliyowahi kumdhuru. Wakibahatisha, wangemuua. Na faili lilikuwa kwenye kaseti mojawapo katika kreti iliyotoka stoo.

Akaanza kuzipakia kwenye tundu la kabati. Mkono unaichukua kaseti, unasoma kibandiko, unaiweka mahali pake. Tsss... tak. Tsss... tak.

Ya mdogo wake haikuwamo.

Chini ya kreti ilibaki moja tu, haina kibandiko. Akaishika... ilikuwa na joto, kama paji la uso la mtoto mwenye homa. Ilinuka udongo uliolowa.

Mafundi wana mwiko wao: kaseti usiyoijua usiipe kibandiko. Mashine haijui kilichomo. Inaamini tu jina ulilobandika.

Simu ikalia. Muuguzi.

"Dada, fanya haraka. Anapumua kwa shida."

"Nivumilie kidogo tu. Nakuomba."

Maji yalikuwa yamezidi unga. Labda kibandiko kimebanduka tu, alijiambia. Akachapa kingine chenye namba ya mdogo wake, akakibandika, akaisukuma kaseti tunduni.

Mkono ukasita. Ukarudi nyuma. Kisha ukaichukua... polepole.

Tak.

Faili likafunguka. Akalituma wodini, akapiga magoti, akalia.

Simu tena.

"Ameamka!" Muuguzi alinong'ona. "Ameketi kabisa. Lakini dada..."

"Lakini nini?"

"Nimemwambia uko chini. Akacheka. Anasema, 'Mwambieni ahsante. Nimekaa muda mrefu bila jina.'"

Simu ikamponyoka. Akavuta kreti. Nyuma yake, kando ya ukuta, ilikuwa imedondoka kaseti nyingine. Kibandiko chake kilikuwa cheupe, namba imefutika kana kwamba imelambwa. Akaisukuma tunduni. Mkono ukaitema. Akachapa upya namba ya mdogo wake, akaibandika, akaisukuma tena. Kwenye skrini yakatokea maneno:

Namba hii ina mwenyewe.

Akaiamuru mashine itoe ile ya kwanza. Pale pale simu ikapiga yowe sakafuni: "Dada, anakata roho!"

Akairudisha. Pumzi za mgonjwa zikarudi.

Na kutoka kwenye kaseti aliyoishika, sauti ndogo aliyoijua, ya mdogo wake...

"Dada... mbona hunifungulii?"

Yule wa wodini aliruhusiwa. Yuko nyumbani, anakula vizuri, na mama yao anamshukuru Mungu kila asubuhi. Fundi hajathubutu kumwambia mama ukweli. Kila jioni hushuka peke yake, akaijaribu kaseti ile, na mkono ukaitema.

Basi, ukimwita unayempenda akachelewa kuitika, usimkaripie. Nakuomba ukumbuke jambo moja tu: huenda anaitika, ila yuko mahali usipoweza kumsikia.