Gololi Iliyokataa Kuruka

Kila asubuhi ya likizo, kabla jua halijafika kwenye wavu wa dirisha, Sindano alikuwa ameshakaa kwenye kigoda ndani ya karakana ya mama yake, brashi ya waya mkononi, akisugua kutu. Aliitwa Sindano kwa wembamba wake. Mama yake mtaa mzima ulimwita Tupa, kwa sababu ulimi wake, kama tupa ya kunolea chuma, ukipita juu ya mtu lazima apungue.

Kazi yao ilikuwa kuokoa vyuma vya zamani. Mama alizunguka kwa wauza vyuma chakavu, akichungulia chini ya injini zilizokufa na vitanda vilivyokatika miguu. Alitafuta fuawe, lile pande la chuma ambalo mhunzi hugongea vitu vya moto, na jiliwa, ile taya ya chuma inayobana kitu kisicheze kinapokatwa. Alivinunua, akavisafisha na kuwauzia wahunzi.

Fuawe ya likizo hii haikuwa ya kawaida. Ilitoka kwenye karakana ya mabehewa ambako babu yake Sindano alipiga nyundo mpaka mgongo ukapinda. Mama aliikuta kwa muuza vyuma imefunikwa na mabomba, akaitambua kwa kovu lililokuwa ubavuni mwake.

"Wenye karakana ile waliwafukuza wafanyakazi wote siku moja," mama alisema kila alipoipita. "Na unajua wiki ile ile walifanya nini kabla ya kuwafukuza? Walipaka geti rangi mpya. Kijani! Watu wakashangilia, wakasema sasa mambo yananyooka. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wewe, lakini kijani kile nakiona mpaka leo."

Sindano alikuwa ameisikia hadithi hiyo mpaka ikaota ukungu. Yeye alitaka kutoka nje tu. Nyuma ya wavu wenzake waliruka kamba, wakiimba na kucheka, na kila kicheko kilimchoma. Ndani, kutu ilimwingia puani na kwenye kucha. Mlango ulikuwa wazi, lakini ni kama ulikuwa na kufuli. Na chini ya kutu kulikuwa na grisi iliyoganda, na chini ya grisi rangi, na chini ya rangi kutu nyingine.

"Mama, si tungeichoma tu moto?" aliuliza siku moja.

"Fuawe haichomwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimesema. Brashi, mafuta ya taa na subira. Basi."

Siku iliyofuata mama alikwenda mbali kutazama jiliwa iliyokuwa ikiuzwa. Hakuchukua muda, binamu yake Sindano akaingia. Huyo aliitwa Redio, na hakuna haja ya kueleza sababu.

"Dada, unaisugua au unaibembeleza?" Redio alicheka. "Utazeekea hapo."

"Mama amesema nisugue."

"Chuma kilizaliwa wapi? Si motoni? Sasa mtoto atadhuriwaje na mama yake mzazi?"

Sindano alitazama dirishani. Kamba ilikuwa ikizunguka. Akaweka brashi chini.

Waliiviringisha fuawe kwa mtaimbo mpaka kwenye shimo la makaa lililokuwa uani, wakaifukia kwa makaa na mbao chakavu. Shimo lilikuwa fupi, kwa hiyo mkia wake, ile ncha ya nyuma, ulibaki nje. Moto ulilamba grisi, ukatafuna rangi. Uso wa fuawe ukageuka manjano, kisha hudhurungi, kisha ukawa wa buluu kama shingo ya njiwa. Sindano aliuona mzuri sana. Ilipopoa waliirudisha ndani, masizi yakatoka kwa kitambaa, ikapakwa mafuta, ikang'aa.

Mama aliporudi alisimama mlangoni, akapitisha kiganja juu yake taratibu.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia. "Babu yako angekuona! Haya, nenda ukacheze."

Akacheza siku ile mpaka miguu ikauma.

Sasa, katika karakana ile kulikuwa na desturi moja. Fuawe haikuuzwa kwa maneno. Aliyeisafisha ndiye aliyesimama mbele ya mnunuzi, akaidondoshea gololi ya chuma. Uso wa fuawe nzuri ni mgumu, na gololi hudunda kama imeumwa na siafu. Gololi ikilala, fuawe hiyo ni laini, na nyundo itaibonyeza kama udongo. Mama alikuwa ameijaribu hii siku aliyoinunua, gololi ikaruka mpaka kidevuni.

Asubuhi yake Sindano aliichukua gololi ili afanye mazoezi. Akaidondosha katikati ya uso.

Du.

Haikuruka. Ilikaa pale kama chura aliyeshiba. Akajaribu tena. Du. Akajaribu kwenye mkia, ule uliobaki nje ya moto. Ting! Gololi ikaruka, akaidaka. Ndipo alipoelewa kuwa moto ndio ulioulainisha uso.

"Mhm," sauti ilitoka dirishani. Redio alikuwa ameshika wavu kwa vidole. "Siri ya mtungi aijuaye kata, dada. Na kata ni mimi."

Tangu hapo Sindano hakuwa na nafasi ya kupumua. Alimfulia Redio mashati, alimchotea maji ya kuoga, na mezani nyama yake ilihamia sahani ya Redio bila kuombwa. Akikunja uso, Redio alikohoa tu na kusema, "Mama Mkubwa, unajua nini?" Sindano akanyoosha uso haraka. Kibaya kuliko hayo, mama alimsifia kwa kila jirani. Alijiona yumo ndani ya jiliwa: Redio akizungusha mpini upande huu, sifa za mama zikimsukuma upande ule. Wenzake walimwita akaruke kamba, hakwenda. Mlango ule ule aliokuwa akiutamani sasa hakuwa na miguu ya kuuvuka.

Kisha mnunuzi akaja. Alikuwa mhunzi mwenye kovu la moto kidevuni, mikono yake minene, sauti yake ndogo.

"Nimepiga nyundo ya mtu juu ya fuawe ya mtu tangu ndevu hazijaota," alimwambia mama huku akiizunguka fuawe kama mtu anayechumbia. "Nikichelewa, ananifungia mlango. Nikiugua, ananiambia fuawe haiugui. Leo asubuhi nimemrudishia aproni yake. Nimemwambia, bwana, shikilia, mimi nina yangu sasa."

"Safi!" mama alipiga kofi mezani. "Mtu asiye na fuawe yake hupiga nyundo kwa ruhusa. Sindano! Mdondoshee mgeni asikie."

Sindano aliichukua gololi. Nyuma yake Redio alinong'ona, "Mkiani. Dondoshea mkiani, nani atajua?"

Ilikuwa kweli. Nani angejua? Mkono wake ukasogea wenyewe juu ya mkia. Mhunzi alikuwa ameinama, sikio mbele, anatabasamu.

"Dondosha, binti. Sikio langu halikulala jana, likiusubiri mlio huo."

Sindano alimwona mtu huyu kesho, nyundo yake inazama kwenye fuawe. Alimwona anarudi kwa bwana wake, anaomba aproni. Akausogeza mkono mpaka katikati, akafungua vidole.

Du.

Mama aliiokota gololi, akaidondosha mwenyewe. Du. Uso wake ukawa wa majivu.

"Nani?"

"Mimi, mama. Niliichoma moto. Mkia ulibaki nje, ndiyo maana mkia unaruka." Machozi yalikuwa yameshafika kwenye midomo. "Nilitaka kumdondoshea huko."

"Mama Mkubwa, mimi nilikuwa napita tu..." Redio alianza.

"Wewe jizime!"

Mhunzi alikaa kwenye kigoda kama gunia lililoachiwa. "Aproni nimesharudisha," alisema, bila kumwambia yeyote.

Mama alitembea mpaka ukutani, akarudi. Kila mtu alisubiri ile tupa ipite. Lakini aliposema, alisema polepole.

"Moto umeulegeza uso wake. Kuna njia moja, na inatisha. Tuiwashe tena mpaka iwe nyekundu kotekote, kisha tuimwagie maji mengi kwa mpigo, bila kukatiza. Ugumu utarudi. Au itapasuka vipande viwili, na hapo tumeizika. Ikipasuka, nitakutafutia nyingine hata kama nitalala kwa wauza vyuma. Unasemaje, fundi?"

Mhunzi alijifuta uso. "Nasema tuwashe."

Yalihitajika maji ya mapipa na mapipa, na mikono ya kuyamimina. Sindano alikwenda mwenyewe kuomba nyumba kwa nyumba. Mama hakumtuma. Kila mlango aliulizwa, "Mapipa ya nini, mwanangu?" na kila mlango alijibu kwa kinywa chake: niliharibu fuawe ya mtu, nikaficha kosa langu. Mlango wa kwanza alilia. Milango ya mwisho alisema huku anamtazama mtu usoni. Wengine walimgombeza, wengine wakacheka, lakini mapipa yalikuja. Redio aliyabeba mpaka mabega yakawasha, na hakuna aliyemfulia shati.

Siku ya kazi uani kulijaa watu. Mhunzi alivuta mwenyewe mivukuto ya kupulizia moto. Fuawe ikawa nyekundu kama nyanya iliyoiva, mama akainyanyua kwa winchi, akapaza sauti, "Mimina!" Maji yakashuka kutoka kwenye jukwaa la mbao, ndoo juu ya ndoo, mvuke ukaficha kila kitu. Katikati ya mvuke kikasikika kitu: tik.

Sindano aliziba uso.

Mvuke ulipokwisha, fuawe ilikuwa nzima, ila kwenye ukingo mmoja ulikuwepo ufa mwembamba kama unywele. Mama aliusubiri uso wake upoe, akampa Sindano gololi. Hakumwambia aidondoshee wapi.

Akaidondosha katikati.

Ting! Ikaruka, mhunzi akaidaka hewani, na uani kote watu wakapiga vigelegele.

Mama alichukua chaki, akauzungushia ule ufa duara jeupe. "Hapa usipige, fundi. Kila mahali pengine piga upendavyo. Nimekuonyesha, na bei naishusha kwa ajili yake."

Fuawe ilipopakiwa kwenye mkokoteni na kuondoka, mama aliketi kando ya mwanawe juu ya pipa tupu.

"Kwanza langu," alisema. "Nilikukataza kama nyapara, sikukupa sababu. Mtu akiamriwa bila sababu, hutafuta njia ya uani. Kosa hilo ni langu, na sababu umeijua sasa."

"Ndiyo, mama."

"Sasa lako. Kuharibu si dhambi kubwa. Chuma kilichoharibika kina dawa, umeona. Lakini kwa siku zote zile ulizonyamaza, uliipaka fuawe ya babu yako rangi ya kijani. Wale waliotufukuza walifanya vivyo hivyo: geti linang'aa, ndani kumeoza, na anayeumia ni mtu anayeamini anachokiona. Wakubwa wakitudanganya tunapiga kelele, na tuna haki. Lakini maskini akimdanganya maskini mwenzake, nani atabaki wa kupiga kelele? Ukikosea, sema siku ile ile, kabla kosa halijampa mtu mwingine nafasi ya kukuzungushia mpini."

Sindano aliitikia kwa kichwa. Nje kamba ilikuwa ikizunguka, wenzake wakimwita jina. Akainuka.

"Unakwenda wapi?" mama akauliza.

"Kucheza."

"Nenda," mama alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akacheka. "Ila ile jiliwa niliyoileta ina kutu mpaka rohoni. Kesho asubuhi, brashi mbili. Moja ya Redio."