Soda ya Ami Muhsin

Walijuana gatini Kilindoni, watu wakisukumana kushuka botini. Mudrik, mwongoza wazamiaji wa Utende, alilikanyaga baibui jipya la Ruwaida, muuza dawa.

"Umelichafua."

"Nipe nikalifue."

"Nikupe, mie nibaki na nini?"

"Basi nielekeze kwenu, nilifuate."

Mwanamume hana haya! Lakini alielekezwa, na mapenzi yakakimbia mpaka posa. Posa ndiyo iliyoharibika. Ami Muhsin, aliyemlea Ruwaida, alimfungulia Mudrik soda kwa mkono wake. Mudrik akaonja, akakunja uso, akaitua glasi. Kisha akawa anatoka nje, anarudi, anatoka tena. Nyumba ile soda ya posa haikataliwi. Ukiikataa umewakataa wenyewe.

"Anayeiona soda yangu chungu, mwanangu atamwona mtamu?" alisema Ami. "Ijumaa aje tena. Akiiacha, hana mke hapa."

Ruwaida naye wivu ukamla. Huko nje alikuwa akimpigia nani?

Ijumaa, yuko dukani na dera lake la zambarau, simu ikaita.

"Laazizi, mwambie Ami leo naimaliza chupa. Nimeacha vidonge tangu juzi, soda imerudi kuwa soda."

"Vidonge gani?"

Mudrik akayageuza maneno, akauliza aje saa ngapi.

"Mudrik, vilikuwa vikikuchomachoma vidole? Na haja ndogo kila mara?"

"Nani kakwambia?"

"Nauza dawa mie, siuzi vitumbua. Hiyo ni asetazolamaidi, ya presha ya macho. Inazuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza maji ya jicho, presha ikashuka. Na ulimi huionja gesi ya soda kwa kimeng'enya cha aina hiyo hiyo. Jicho likoje sasa?"

"Linauma. Taa naiona ina duara la rangi."

Ruwaida akaanza kufunga duka, simu sikioni. Heri angekuwa na mwanamke, angemfukuza yakaisha.

"Ulinificha."

"Mama alipofuka, baba akamwacha. Niliogopa."

"Kwani mimi baba yako? Usipande pikipiki. Nakuja, twende hospitali."

Walipofika kwa Ami kutoka hospitali jua limeshainama, chupa ilikuwa wazi mezani.

"Mmechelewa. Kunywa," Ami alimwambia Mudrik.

Ruwaida aliichukua glasi, akainywa yote yeye.

"Hanywi, Ami. Anatumia dawa ya macho, na soda inamgeukia. Aliiacha dawa ili akunywee wewe. Huenda siku moja asione. Mimi namtaka hivyo hivyo."

Ami alilitazama lile jicho jekundu, linatoka machozi.

"Ulitaka kupofuka kwa ajili ya soda yangu?"

"Kwa ajili ya mwanao, Ami."

Mzee akaisukuma chupa pembeni, kisha akaita jikoni.

"Mleteeni mkwe wangu chai."