Sogeeni Mwenzenu Akae

Abdulnasir alifika zahanati akiwa mzima, kuidai ngazi yake. Alikuwa fundi wa mabango, na ngazi aliyoitumia kupachika bango la zahanati ya Tarcis juu ya mlango ilikuwa bado imeegemea ukuta wa nyuma. Alipiga hodi, akataniana na Genoveva pale mapokezi, akavuka kizingiti. Hapo hapo meno yakaanza kugongana. Alipofikishwa kwenye benchi shati lilikuwa limelowa jasho, na habari ya ngazi haikumjia tena.

"Mama, sijui nimepatwa na nini," alisema. "Sasa hivi tu nilikuwa mzima."

Genoveva, muuguzi na mke wa mwenye zahanati, alimpima joto akamwingiza kwa mumewe. Tarcis alipima malaria, hakuna. Akapima taifodi, hakuna. Akamtundikia dripu, na baadaye Abdulnasir akapata nafuu akaenda zake. Tarcis hakujiuliza sana. Alikuwa ameshinda miezi akitazama benchi tupu, na mtu wa namna hiyo akimwona mgonjwa hamuulizi ametokea wapi.

Miaka yote alikuwa tabibu wa serikali. Alipostaafu hakurudi kwao Songea. Alipanga vyumba vya Jatin, muuza mabati, hapo Kerege kando ya barabara ya Bagamoyo, akapaka rangi, akaweka vitanda na maabara ndogo. Watu wakapita. Asubuhi alisimama mlangoni na koti lake jeupe lililonyooshwa, akisalimia kila mtu kama mgombea udiwani, nao wakaitikia vizuri na kuendelea na safari zao.

Ndipo siku moja, kabla ya Abdulnasir kuugua, kwa kinyozi akasikia mtu akisema biashara haisimami bila kuiwekea kitu, na kwamba Miono kuna mama mmoja, Bi Hajra, kazi yake haina mchezo. Tarcis alicheka pamoja na wengine. Kesho yake akapanda gari la Miono, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi. Ni Tarcis yule yule aliyekuwa akisimama kanisani kuwaonya waumini wasipeleke wagonjwa kwa waganga.

"Shikamoo, mzee," Bi Hajra alimwamkia.

"Marahaba."

"Nini kinakusumbua?"

"Biashara. Wateja hawaji."

"Biashara ya nini?"

Hapo akaona aibu. Atamkeje kwamba yeye ni tabibu, amekaa kwenye mkeka wa mganga? "Duka," alisema, macho chini.

"Duka la nini?"

"La vitu vidogo vidogo."

"Na wateja unataka wa namna gani?"

"Wowote. Waje tu."

Bi Hajra akampa kifundo cha kitambaa cheusi, akamwambia akifukie chini ya kizingiti na ayarudie kwa kinywa chake maneno yale yale, wateja wowote, waje tu. Tarcis alikifukia Genoveva alipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Mkewe aliporudi akamkuta akisawazisha saruji. Akamwambia anaziba ufa.

Baada ya Abdulnasir wakaja muuza mihogo, dereva wa bodaboda, mwalimu, na mtu aliyekuwa anaulizia njia tu. Wote wazima mpaka mlangoni. Wote homa, na kwenye kipimo hakuna kitu. Genoveva alimshukuru Mungu kwa sauti. Kanisani aliomba misa ya shukrani, na padri akamsimamisha Tarcis apigiwe makofi. Tarcis akasimama. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini alisimama mpaka makofi yakaisha.

Harufu ndiyo iliyoanza kumtisha. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyoungulia sufuriani, nayo ilitoka barazani ingawa hakuna aliyekuwa na jiko. Kisha sauti. Kila alipoinama kumsikiliza mgonjwa kifuani, aliisikia huko nje sauti ya mwanamke, laini, yenye adabu zote za dukani: "Karibuni, karibuni ndani. Sogeeni mwenzenu akae."

"Umepata msaidizi?" alimuuliza mkewe walipokuwa wakila.

Genoveva aliweka kijiko chini. "Nilitaka nikuulize wewe."

"Mimi nilidhani ni mgonjwa mchangamfu tu."

"Tarcis, sema polepole." Aliangalia mlango. "Wagonjwa wanamwitikia. Akisema sogeeni, wanasogea. Halafu pale katikati ya benchi panabaki nafasi, na hakuna anayekaa. Nimempeleka mtu akae pale, amekataa. Ananiambia pana mtu."

Ilikuwa saa ya kusema. Tarcis alijua, na ulimi ulikuwa tayari. Akasema, "Umechoka, mama. Kesho pumzika."

Wiki ile mpira wa Adamu uliviringika ukaingia barazani. Adamu alikuwa mjukuu wa Bi Tabia wa nyumba ya pili, mtoto wa kuanza shule. Aliufuata mpira mbio, akavuka kizingiti, akaanguka. Bibi yake alifika kanga moja begani, akamkuta anakakamaa. Tarcis alifanya yote aliyofundishwa. Alichoma sindano, alimpoza kwa maji, alimminya kifua. Kabla ya adhuhuri mtoto akakata roho.

Baraza zima lilikuwa linamtazama. Na Tarcis, kwa hofu ya macho yale, akageuka akamwambia bibi wa watu, "Mama, mlimpitisha kwa mganga kwanza. Ndiyo shida yenu."

"Wallahi sikumpeleka popote," Bi Tabia alisema. "Alikuwa anacheza."

Tarcis alijifanya ananawa mikono.

Jumapili iliyofuata, Genoveva alipokwenda misani, Tarcis alichukua sururu akavunja saruji ya kizingiti. Jua lilikuwa kali, barabarani magari yanapita kama kawaida, lakini kadiri alivyochimba ile harufu ya maziwa ilizidi kupanda kutoka ardhini, na udongo aliotarajia kuukuta mkavu ukawa wa moto na majimaji, akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko akitafuta kile kifundo alichokizika mwenyewe, hakukipata, akaingiza tena, akapapasa huku na huku, mpaka kikaja kitu laini kikamshika vidole, kikavishika kwa upole tu kama mtu anayempokea mgeni, na sauti ikasema kutoka mle shimoni, karibu kabisa na uso wake, "Karibu, mteja."

Aliuchomoa mkono akaanguka chali. Alipoinua kichwa alimwona Genoveva ameketi kwenye benchi, na gauni lake la kwaya, anatetemeka.

"Geno!"

"Nimekuja kumwona daktari," mkewe alisema, akimtazama kama asiyemjua. "Yupo?"

Nyuma yake wakaingia waliotoka naye kanisani, wale wale waliompigia makofi, mmoja mmoja wakivuka shimo na kushika vifua vyao. Bi Tabia naye alikuja, akaketi mwisho wa benchi. Tarcis alikimbilia chumbani akampigia Bi Hajra simu.

"Mimi ni yule wa duka," alinong'ona. "Si duka. Ni zahanati. Mimi ni tabibu."



"Ungenieleza ningekurudisha kwenu," Bi Hajra alisema. "Yule wa kwenye kifundo kazi yake ni kumtia mpita njia haja ya kile unachouza. Ukiwa muuza kanga, mtu anatamani kanga. Wewe unauza nini?"

Tarcis aliyatazama makopo ya dawa rafuni.

"Wamekufa?"

"Mmoja. Mtoto."

"La haula."

"Njoo umtoe, dada yangu. Nakuomba."

"Simtoi mimi. Aliyemwita kwa uongo ni wewe, naye hatasikia ila kweli. Simama pale ulipofukia, useme wewe ni nani, ulikwenda wapi, uliomba nini. Wasikie wote uliomwambia akuletee. Ukinong'ona, hatoki."

Alitoka akasimama juu ya shimo. Akaanza kusema, chini kwa chini, ili wa mbele wasikie na wa nyuma wasipate vizuri. Sauti ikamfunika: "Karibuni. Sogeeni mwenzenu akae." Genoveva akapinda mgongo, macho yakageuka meupe, akaanza kukakamaa kama alivyokakamaa Adamu.

Tarcis akapiga kelele. Alisema jina lake na kazi yake. Alisema alikwenda kwa mganga Miono, akadanganya ana duka kwa kuona haya, akaomba wateja wowote, na kwamba homa zote hizi ameziita yeye, na mtoto wa watu ameuawa na maombi yake. Alilia huku akisema, na kamasi zikamtoka mbele ya wazee wa kanisa.

Mbao ya benchi, iliyokuwa imebonyea katikati, ikainuka taratibu, ikalia kwii. Nyayo zikaja upande wake. Kitu cha baridi kikampitia ubavuni.

"Samahani, baba, naomba njia," sauti ilisema sikioni mwake, kwa adabu. Harufu ikatoka nayo.

Watu wakaanza kujipangusa. Mmoja baada ya mwingine walisimama, wakavuka shimo bila kumgusa. Hakuna aliyemtukana, na hilo lilimuuma kuliko matusi. Genoveva alijua tena yuko wapi. Alimtazama mumewe, akachukua kitabu chake cha nyimbo akatoka na wenzake.

Akabaki Bi Tabia.

"Nenda nyumbani, mama," Tarcis alisema. "Umeshapona."

"Mimi sijapona. Yangu ni sukari, nimekuja nayo mwenyewe." Alinyoosha kidole chake. "Nipime."

Tarcis alileta kipimo. Alikosea kidole mara mbili, Bi Tabia akamshikia mkono ili sindano iingie mahali pake. Sukari ilikuwa juu sana. Alimhesabia vidonge, akamweleza vya asubuhi na vya jioni, macho kayaelekeza sakafuni.

Bi Tabia alivifunga vidonge kwenye pindo la kanga, akainuka.

"Haya, vaa viatu twende makaburini," alisema. "Hawa wote umewaambia. Yeye bado."