Shati Lisilokauka

Ilikuwa siku ya nne shati la mumewe liko kambani, na bado linachuruzika. Jua lilikuwa la kupasua vichwa. Mashuka ya nyumba ya wageni yaliyoanikwa asubuhi ileile yalishakakamaa, sare za wauguzi zilishakunjwa, soksi za watoto wa shule zilishapata wenzake. Shati hilo moja tu ndilo lililodondosha maji, tone, tone, kwenye sakafu ya uani.

Mke wa dobi alikuwa na miaka kumi na tisa ya kufua. Alizijua nguo zinazokawia kukauka, lakini hajawahi kuona inayokataa. Alilikamua tena, akalinusa. Lilinuka mawe mabichi, na harufu ile aliikumbuka ilikotoka.

Juma lililopita walikuwa wamefunga duka kwa mara ya kwanza tangu waoane, wakavuka mpaka kwenda kuona maporomoko makubwa ya maji. Mumewe, ambaye wateja humwita Bwana Pasi, alikuwa amebandika picha ya maporomoko hayo juu ya meza ya kunyoshea nguo hadi ikapauka kwa mvuke. Kule kuna njia inayopita nyuma ya maji, kati ya pazia lile na mwamba, giza mchana kweupe na ngurumo ya kuziba masikio. Mwongoza watalii, mwanamke mkavu asiye na mzaha, aliwapanga wawili wawili, wameshikana mikono. Mkipotezana, alisema, simama hapohapo; usishike mkono usioujua. Watu wakacheka, na mke wa dobi akacheka kuliko wote.

Ila ugonjwa wa kazi ni ugonjwa. Katikati ya njia mtandio wake ulilowa chepechepe, na mikono yake haiwezi kuvumilia nguo inayochuruzika bila kuikamua. Akamwachia mumewe, akaukamua mara mbili tu. Kisha mkono ukamshika, naye akaufuata hadi nje juani. Gauni alilovaa siku hiyo lilikauka kwa saa moja. Shati la mumewe ndilo hili hapa.

Tangu warudi, mambo yalikuwa madogo madogo. Bwana Pasi hakulamba tena kidole kuijaribu pasi. Hakuigusa kabisa, akasingizia mgongo. Hakuwatania wateja. Chumba alichokaa, vioo vilishika ukungu. Akiinamia beseni, maji yalinguruma chini kwa chini, na akiinuka yananyamaza. Mke alijitia hamnazo. Habari ya shati hakumwambia.

Mchana huo alimpelekea chai, akakitazama kiganja kilichopokea kikombe. Juma la kwanza la duka lao, pasi iliteleza mezani kuelekea mguu wake, na mumewe akaidaka kwa mkono mtupu. Ilimwachia kovu la pembe tatu chini ya kidole gumba, na kila walipolala mke alilipapasa, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Sasa kiganja kilikuwa laini kama cha mtoto.

"Kovu lako liko wapi?" likamtoka kabla hajajizuia.

Mume alimtazama taratibu. "Kovu gani, mke wangu?"

Naye, kwa kuogopa kunyamaza, akaeleza yote: la pasi, la pembe tatu, hapa chini ya gumba. Mume akaitikia kwa kichwa, akasema labda sabuni imelifuta. Kisha akafumba kiganja.

Mke akajifungia stoo ya sabuni, akampigia simu yule mwongoza watalii, kwa namba iliyokuwa nyuma ya tiketi, na kumnong'onezea kila kitu. Mwanamke yule hakushangaa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Mrudishe," alisema. "Mwachie palepale ulipomwachia mumeo, nyosha mkono, ngoja. Atakayekushika, mpapase. Ukimtambua, toka naye, wala usigeuke hata ukiguswa. Ila huyo uliye naye asijue unamtambua mumeo kwa alama gani. Hujamwambia, dada?"

Mke wa dobi aliutazama mlango. Aliona aibu. "Sijamwambia," akasema.

Alimdanganya mumewe kwamba picha za safari zimefutika, warudi kupiga nyingine. Akakubali upesi mno.

Nyuma ya maji, walipofika pale, mume aliinama sikioni mwake. "Mke wangu, usiniachie." Ilikuwa sauti ya mumewe, yenye mkwaruzo wake uleule, na mke akawaza kwamba kama amekosea, kama ni uchovu tu na sabuni tu, basi anamtupa gizani mtu aliyeudakia mguu wake pasi ya moto, na huku akiwaza hivyo vidole vyake vikalegea, akaachia, akabaki amenyosha mkono ndani ya ngurumo akihesabu pumzi zake, hadi kiganja cha baridi kilipoingia kwenye chake, naye akapapasa kwa gumba, akavuka mstari mmoja, wa pili, wa tatu: kovu. Akalishika kwa nguvu zote, akaanza kutoka. Nyuma yake kitu kilivuta pindo la gauni lake mara tatu, kwa udhaifu. Hakugeuka.

Njiani alilia, akacheka, akamsimulia yote: jinsi yule mwingine alivyoikwepa pasi, jinsi alivyokuwa hatanii mtu. Habari ya shati aliisahau. Asubuhi, Bwana Pasi alilamba kidole, akaigusa pasi ikalia tss, akamwambia muuguzi kwamba sare yake imenona kuliko yeye. Mke alifua nguo za safari huku akiimba. Alikuwa na furaha ambayo hakuwahi kuwa nayo tangu wafungue duka.

Adhuhuri alitoka uani kuanua. Mashuka yalikuwa makavu, na gauni lake kavu.

Shati alilovaa mumewe safari hii lilikuwa likidondosha maji, tone, tone.

Alisimama na kapu mkononi. Akavikumbuka vile vidole kwenye pindo lake, jinsi vilivyovuta mara tatu, vikachoka, vikaachia. Alirudi nyuma hatua moja, na mkono ukamshika begani, wenye kovu zuri la pembe tatu. Mumewe alikuwa akilitazama shati.

"Kumbe ni hili pia," alisema kwa upole. "Kama kuna alama nyingine, niambie tu."