Usimwite Mtoto kwa Mdomo

Chumvi ndiyo iliyomtoa Mama Honi nyumbani jioni ile. Walikuwa wamebeba kila kitu cha mapumziko ya siku nne kijijini, kuanzia sufuria hadi karata, chumvi wakaisahau. Simu hawakuzisahau. Hizo waliziacha kwa makusudi, zimefungiwa kabatini kule mjini, kwa sababu yeye, mumewe na binti yao wa miaka saba walikuwa wamefika pabaya. Chakula kikiiva, aliyeko jikoni alimwandikia ujumbe aliyeko sebuleni. Mama Honi akaapa kwamba familia yake itasemezana tena kwa mdomo, watake wasitake.

Na mdomo alikuwa nao. Miaka kumi na moja kiwandani, katikati ya mashine za kufuma nguo, ilimpa sauti ya kumwamsha aliyezimia. Jina la Honi alibandikwa na wenzake wa zamu, naye akalipokea kama cheo.

Dukani alikuta watu wamekaa pande mbili, hawatazamani. Ugomvi wao ulikuwa wa mnara wa simu. Nusu ya kijiji waliutaka, nusu waliuzuia, na sasa hata salamu zilikuwa na pande zake.

Muuza duka alimpa chumvi, akamwinamia.

"Mgeni, una chuma au una simu?"

"Vya nini?"

"Vya kumwitia mtoto. Wa mnara wanatuma ujumbe, kwa mtandao huu wetu wa kubahatisha. Sisi wengine tunagonga chuma mlangoni. Jua likizama, hapa haitwi mtu kwa mdomo. Kuna kitu bondeni kinasikiliza. Kikishaijua sauti yako..."

Mwanamke wa upande wa pili alitikisa kichwa kukubali. "Katika hilo tu, dada yangu, hatujawahi kubishana."

Mama Honi damu ikamchemka. Watu wameshindwa kuelewana juu ya nguzo ya chuma, leo wamfundishe namna ya kumwita mtoto aliyemzaa?

"Mdomo wangu siuombei kibali," alisema, akachukua chumvi yake akaondoka.

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya mwisho, ukingoni mwa bonde. Mumewe alikuwa jikoni akihangaika na moto. Binti yao, ambaye kwa udogo na pilikapilika zake walimwita Sisimizi, alikuwa chini kabisa ya uwanja, karibu na ua wa miti, akipanga mawe. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Mama Honi alisimama barazani akavuta pumzi, makusudi kabisa, ili wasikie hata wale wa dukani.

"Sisimizi! Njoo ndani!"

Wadudu wakanyamaza. Wote kwa pamoja... Harufu ya maji yaliyolala ikapanda kutoka bondeni.

"Sisimizi. Njoo ndani."

Ilikuwa sauti yake.

Mkwaruzo wake, na ule mvuto wake wa mwisho wa neno. Ilitoka huko chini, nyuma ya ua.

Mtoto alisimama. Akatazama nyumba, akatazama bonde.

"Mama, uko wapi?"

"Niko hapa!"

"Niko hapa," bonde likasema, kwa upole zaidi.

"Usiende huko! Mimi ndiye mama yako!"

"Usimsikilize huyo, mwanangu."

Maneno hayo Mama Honi hakuwa ameyasema. Hofu ilimshika, kisha ikamjia hasira iliyoishinda. Alikimbia. Lakini mtoto, akiona kivuli kinamjia mbio gizani, alirudi nyuma. Hatua moja. Nyingine. Mgongo wake ukagusa ua, na upande wa pili kitu kikavuta pumzi.

Mama Honi akasimama. Alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani mwake: alifunga mdomo.

Kiwandani, mashine zikishapamba moto, hata honi haisikiki. Wafanyakazi husemezana kwa mikono, na lugha hiyo alimfundisha mwanawe akingali wa kubebwa. Akainua ngumi mbili, akazigonganisha, akazifungua, akaweka viganja kifuani. *Mashine imezimwa. Njoo kwangu.*

Bonde likaita. Likabembeleza. Likalia kilio chake yeye, kile alichokilia siku ya kumzika mama yake.

Sisimizi hakugeuka. Alikuja mbio, akamrukia mamaye shingoni. Mama Honi alifungua kinywa alitukane bonde tusi la kulitosha.

Ilitoka hewa tu.

Asubuhi watu wa pande zote mbili walifika, kwa mara ya kwanza wakiwa pamoja, kumwambia aondoke. Alitikisa kichwa kukataa. Walizimaliza siku nne zao zote, na kila jioni alimfungia mtoto ndani na baba yake, yeye akaketi barazani kulitazama bonde. Lilimwita. Hakuinuka.

Mjini, daktari alimulika koo akasema ni zima. Mumewe akafungua kabati, akaziwasha simu. Kulikuwa na ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mwenye nyumba waliyopanga kijijini, akinong'ona.

"Dada, tangu muondoke sauti yako inaita kila jioni. Mtoto wako imemwacha. Sasa inaita wetu, mmoja mmoja, kwa majina. Jana wawili wametoka nje..."

Nyuma ya mnong'ono huo, kwa mbali, Mama Honi aliisikia sauti yake mwenyewe ikiita watoto asiowajua.

Alisikiliza mara mbili. Kisha akavaa viatu, akachukua karatasi, akaandika kwa haraka, akamsukumia mumewe mezani. Mume aliisoma, akamshika mkono.

"Utakwenda kufanya nini huko, mke wangu, nawe huna hata sauti?"

Mama Honi akamwonyesha maandishi kwa kidole, asome tena.

*Watoto wa watu hawatachukuliwa kwa mdomo wangu.*

Akagonganisha ngumi mbili, kama atakavyowafundisha watoto wale, akatoka.