Nilikusikia Ukiita

"Jamani, mnamwona huyu? Huyu ndiye mkwe wangu niliyewaambia!"

Mama yake Cheche alisimama katikati ya wodi, mkono mmoja una chupa ya chai, wa pili umemng'ang'ania binti begani kana kwamba atatoroka. Wagonjwa na wageni wao wakageuza shingo.

"Mwanangu kavunjika mguu huko mlimani, yuko peke yake. Kama si binti huyu kukimbia kama mshale kuleta watu, leo ningekuwa naongea mengine. Miguu yako ibarikiwe, mwanangu!"

"Mama, basi," binti alisema kwa sauti ndogo.

"Basi nini? Mtu akitenda jema asifiwe!"

Kitandani, Cheche alikuwa anacheka. Alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na jina hilo alilipata karakanani. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta mpaka juu ya goti.

"Mwache ajidai, Konokono wangu. Mimi nilipoanguka nilikuita, hata hukusikia. Upepo ule! Lakini ulipofika chini tu ukajua kuna jambo, ukarudi."

Konokono akatabasamu. Tabasamu lilimkaa usoni kama nguo ya kuazima.

Kwa sababu alisikia.

Jina la Konokono alipewa na Cheche mwenyewe. Binti huyu alikuwa mhudumu wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kazi ya kukaa kutwa nzima, na jioni ya kwanza walipokwenda kukimbia pamoja hakufika hata kituo cha mafuta kabla ya kushika kiuno. Cheche alikuwa mbele. Akageuka, akarudi mpaka alipokuwa binti.

"Twende, Konokono. Barabara haihami."

Hivyo ndivyo alivyofanya kila jioni. Anatangulia, anageuka, anamrudia. Kidogo kidogo pumzi za binti zikafunguka. Akakipita kituo cha mafuta, akalipita daraja, mwisho wakaiacha lami wakapanda njia ya mlimani, ile ya mawe na mizizi. Siku moja Konokono akatangulia kufika kileleni. Cheche akaja nyuma akihema, akajitupa kwenye majani na kucheka.

"Mwanafunzi kampita mwalimu! Sasa mimi nitaringia nini?"

Hakuwa na kinyongo hata chembe. Ila Konokono alikuwa ameonja utamu wa kutangulia, na akanogewa.

Kocha wa kikundi chao cha mbio naye alikuwa ameona. Akamwambia, "Jumamosi nitakaa chini ya mlima na saa yangu. Ukishuka vizuri, nakuweka kwenye timu ya mashindano."

Jumamosi hiyo alishuka kama maji. Kwenye kona ya mawe yaliyolegea akasikia nyuma yake mawe yakiporomoka, halafu sauti ya Cheche.

"Konokono!"

Kisha tena: "Konokono, mguu!"

Miguu yake ikapunguza mwendo. Moyo ulimwambia rudi. Lakini kukawa na neno jingine, tamu na la haraka: amejikwaa tu, atainuka, atakuja kukucheka kwa kupoteza nafasi. Miguu ikalitii hilo la pili.

Chini, Kocha alikuwa anarukaruka kwa furaha. Wenzake wakamzunguka, wakapiga picha. Mpaka mmoja wao akauliza, "Mbona Cheche hajashuka?"

Hapo ndipo alipogeuka na kupanda mbio, wote nyuma yake. Hicho ndicho watu walichokiona. Hakuna aliyeuliza zaidi, naye hakusema.

Siku ile ya wodini, alipokuwa anatoka kwenye geti la hospitali, simu ikalia. Ujumbe wa Kocha: "Hongera binti. Umepita. Timu inakusubiri." Alisoma, akaitumbukiza simu mkobani bila kujibu.

Akiwa kwenye kiti chake cha mapokezi, akafungua jina la Cheche kwenye simu. "Kuna jambo nataka kukuambia." Akafuta. Akaandika tena. Akafuta.

Cheche akamwahi: "Naona unaandika unafuta. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekukumbuka tu."

Uongo ukazaa mwenzake.

Cheche aliporuhusiwa kurudi nyumbani, mama yake alimpigia Konokono simu, hata salamu hakumaliza.

"Mwanangu, Jumapili usipange kitu. Nimewaita mashangazi na wajomba wote. Tutakula, tutakushukuru mbele ya watu, na tarehe ya harusi tutaitangaza hapohapo."

"Mama, si lazima..."

"Nani kakuuliza?" Mama akakata simu huku akicheka.

Konokono alijua hawezi kukaa kwenye meza ile. Mchana wa Jumamosi akaenda kwao Cheche. Alimkuta Cheche kibarazani, mguu juu ya stuli, magongo yameegeshwa ukutani.

"Mbona umekuja na uso wa msiba?"

"Nilikusikia."

"Ulisikia nini?"

"Siku ile. Nilisikia mawe, nikasikia unaniita. Mara mbili. Nikaendelea kushuka."

Cheche akamtazama kama mtu aliyeambiwa jambo kwa lugha asiyoijua.

"Lakini upepo..."

"Hapakuwa na upepo, Cheche. Wewe ndiye uliyeutafuta huo upepo unitetee."

Cheche akaitazama plasta yake. Aliposema, alisema polepole.

"Mara mbili, umesema?"

"Ndiyo."

"Mimi niliita mpaka sauti ikakauka. Hizo mbili ni za pale ulipokuwa karibu."

Konokono akaziba mdomo kwa kiganja.

"Na ulipofika chini, kabla hawajakuuliza, ulifanya nini?"

Angeweza kuimeza kweli hiyo. Hakuimeza.

"Tulipiga picha."

"Ulicheka?"

"Nilicheka."

Cheche akavuta magongo, akaanza kuinuka kwa shida. Konokono akanyoosha mkono.

"Usinishike. Nenda kamwambie mama, kwa mdomo wako. Sitaki niwe mimi. Halafu uende kwenu."

Mama alikuwa jikoni anakata vitunguu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama hewani.

"Na mimi nimekutangaza wodi nzima!"

"Najua, mama."

"Mpaka daktari nilimwambia!" Akaketi kwenye kigoda, machozi yakitoka, na safari hii si ya vitunguu. "Si ungeninyamazisha siku ileile?"

"Nilijaribu, mama."

"Hukujaribu. Ulisema 'mama, basi.' Huko si kujaribu."

Kweli ilimchoma kuliko tusi. Akatoka kichwa chini.

Karamu ya Jumapili ikafutwa. Simu ya Cheche ikawa bubu. Konokono alikwenda kazini, akawaambia wagonjwa wakae wasubiri, akarudi chumbani, akatazama viatu vyake vya mbio vikiwa na udongo wa mlimani. Akampigia Kocha.

"Tafuta mwingine, Kocha. Mimi nimeacha."

"Umeacha timu au umeacha mbio?"

"Vyote."

Wiki kadhaa zikapita. Jioni moja jina la Cheche likawaka kwenye kioo cha simu. Akapokea mara moja.

"Nasikia umeacha mbio."

"Ndiyo."

"Kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako."

"Nilikutuma? Mguu wangu unaniuma wa kutosha, usinibebeshe na wako. Kosa lako si kukimbia. Kosa lako ni kutogeuka."

Konokono alikuwa analia, hakuficha.

"Plasta imetolewa," Cheche akaendelea, sauti kavu. "Natakiwa kutembea kila jioni, na magoti ya mama hayataki. Sijasema nimekusamehe. Nimesema nahitaji mtu."

"Nakuja."

Wakaanza na safari ya mlangoni mpaka getini. Siku za mwanzo Cheche alikuwa mkali kama pilipili. "Usinitazame hivyo, mimi si maiti!" Konokono alivumilia, na siku nyingine alimjibu, "Basi tembea kama mzima!" Hapo Cheche aliguna, karibu acheke.

Asubuhi Konokono alikimbia tena, kwenye lami tu. Nafasi yake kwenye timu ilikwishakwenda kwa mwingine. Kocha alipomwambia, hakubisha.

"Asubuhi umekimbia?" Cheche aliuliza kila jioni.

"Nimekimbia."

"Ulifurahi?"

"Nilifurahi." Na kila alipolijibu hilo, macho yake yalitazama chini.

Hatimaye ikafika jioni ambayo Cheche alitembea bila magongo mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akichechemea, jasho likimtoka. Mama alikuwa kibarazani anawasubiri.

"Fundi wa gauni la harusi kapiga tena. Anauliza ashone au akirudishe kitambaa. Nimjibu nini?"

Konokono akajishughulisha na kufunga kamba za viatu vilivyokuwa vimefungwa tayari.

"Mwambie ashone," Cheche akasema.

"Cheche..."

"Nisikilize kwanza. Sijamaliza kukusamehe. Kuna asubuhi naamka nimeshamaliza, halafu goti linauma, naanza upya. Sitakudanganya. Lakini nimejipima, nikaona ni heri nikasirike nikiwa na wewe kuliko nitulie bila wewe. Iliyobaki tutaimalizia ndani ya ndoa."

"Na kama haitaisha?"

"Basi tutazeeka nayo."

Mama akapenga kamasi kwa kanga yake na kuingia ndani haraka. Sauti yake ikawafikia kupitia dirishani.

"Fundi? Shona! Ndiyo, shona, mwanangu. Hapana, kisa usiniulize, ni kirefu."

Konokono akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio kabla hakijafika mbali. Cheche hakumnyamazisha. Alimsogezea kiti, wakakaa.