Shikilia Hapo Hapo

Jua lilikuwa linaaga na fundi alikuwa anakusanya spana zake aliposikia gari likija linakohoa. Hakuinua kichwa. Watu hawakumwita Sikio bure. Ugonjwa wa gari aliujua kabla halijakata kona. Hili alimjua hata mwenyewe wake. Lilikuwa gari la marehemu shemeji yake, na siku hizi liliendeshwa na dada yake.

Liliingia gereji likitetemeka kama mtu mwenye homa, likasimama kando ya pikapu kuukuu iliyokaa juu ya mawe, haina injini wala matairi.

"Kaka, usinicheke," dada yake alisema akishuka.

"Nani kakucheka? Nauliza tu umelilisha nini. Pilipili?"

"Mchana halina neno. Napeleka mapazia ya watu, narudi, linateleza tu. Jua likishuka, basi. Linavuta, linaacha. Linavuta, linaacha. Kama tunaliendesha wawili."

Sikio alicheka. Dada yake hakucheka.

"Ndugu wa marehemu wameshasema, likinishinda watakuja kulivuta liwe lao. Nikibaki bila gari, mapazia nitayabeba kichwani? Na sasa hivi mtoto yuko kwa bibi yake ana homa, lazima nimfuate. Litengeneze, kaka."

Marehemu alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye wivu. Mke alimwonea wivu kidogo, gari alilionea wivu sana. Kwa uhai wake wote mkewe hakukalia kiti cha dereva hata kwa kujaribu. Alipougua, ugonjwa mrefu wa kuchuliwa dawa asubuhi na jioni mpaka nyumba nzima ikanuka kafuri, alilala na ufunguo chini ya mto. Na katika mambo ya gari lile hakumsikiliza mtu yeyote ila Sikio. Fundi akisema lisiende safari, haliendi. Akisema lipumzike, linapumzika.

Gari lenyewe ni la zamani, la kabla ya mashine za kuchomeka zinazokusomea kila kitu. Hili unachukua kipande cha waya, unaunganisha matundu mawili kwenye kiboksi kidogo chini ya boneti, unafungua swichi bila kupiga stata, kisha unakaa ndani unatazama taa ya injini inavyopepesa. Mapepeso marefu na mafupi, na kila hesabu ina ugonjwa wake. Sikio alikaa, akatazama. Taa ikataja kosa moja. Ikapumzika. Ikalitaja lile lile.

"Inasema nini?" dada yake aliuliza dirishani.

"Kuna sensa inayoiambia kompyuta mguu wa dereva umekanyaga mafuta kiasi gani. Taa inasema mguu upo."

"Upo wapi?"

"Kwenye pedeli."

Wote wawili wakatazama chini. Miguu ya Sikio ilikuwa imekunjwa pembeni, mbali na pedeli.

"Imekufa tu hiyo," alisema. "Inaona visivyokuwepo."

Alichakura kwenye debe la vipuri akapata sensa nyingine, akaifunga. Mwanga ulikuwa unapungua.

"Kaa kwenye usukani. Nikisema piga, piga."

Akasikia mlango ukifungwa. Akainama injinini.

Sasa, boneti likiinuliwa huoni kioo cha mbele wala aliyekaa nyuma yake. Ndiyo maana bwana fundi mkuu aliyemfundisha Sikio alikuwa na sharti moja: chungulia kwanza, ujue nani yuko kitini, mtaje, ndipo useme piga. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, alikuwa akisema mzee yule, akiinua mkono wake uliopunguzwa vidole na feni. Miaka yote Sikio alilishika sharti hilo. Jioni ile alikuwa na haraka, na aliyekaa kitini alikuwa dada yake wa tumbo moja. Achungulie nini?

"Piga."

Stata ikalia. Injini ikashika.

"Kanyaga kidogo."

Injini ikapanda. Kidogo tu, kwa adabu.

"Achia."

Ikashuka.

Alifurahi. Dada yake kajifunza lini kuwa na mguu mwepesi hivi?

"Kanyaga tena... ongeza... ongeza... shikilia hapo hapo."

Ikashika pale pale. Haikupanda, haikushuka. Sikio akachukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini sikioni, kama daktari. Silinda zote zilichoma sawa. Kukohoa kumekwisha. Alihama kutoka moja hadi nyingine akitabasamu peke yake.

Kisha ikamjia harufu.

Haikuwa mafuta. Haikuwa oili iliyoungua.

Kafuri.

Aliinua kichwa. "Dada, umejipaka nini?"

Injini tu... ileile, bila kuyumba.

"Dada?"

"Nipo huku, naja," sauti ikajibu.

Ilitoka nyuma yake. Getini.

Dada yake alikuwa anaingia kutoka barabarani, simu mkononi. "Bibi yake kapiga, homa imepanda. Afadhali umeliwasha mwenyewe."

Sikio akageuka. "Ulitoka saa ngapi?"

"Mbona hata hukuwa umesema piga. Simu iliita, nikashuka."

Alizunguka boneti taratibu, mkono ukigusa bodi ya gari. Kiti kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa umefungwa.

Angesema hapo. Lakini dada yake alikuwa na uso wa mama ambaye mtoto wake anaungua homa, na gari lilikuwa limepona, na mwanamume mzima anasemaje maneno kama hayo? Alishusha boneti. "Nenda," alisema. "Nenda polepole."

Dada yake akaingia, akanyoosha mguu, akaguna. "Kaka, kiti umekisukuma mpaka wapi? Mimi ni twiga?" Akakivuta mbele, akaondoka.

Sikio alibaki getini akisikiliza. Mtaa ule unateremka mpaka barabara kuu, ambako malori hayasubiri mtu. Kila dereva akifika duka la vyerehani huondoa mguu kwenye mafuta, na sauti hushuka. Alingoja ishuke.

Haikushuka.

Likapita duka. Sauti ileile. Haipandi, haishuki. Imeshikiliwa.

Ndipo alipokumbuka neno lake la mwisho chini ya boneti. Kukanyaga alikuwa amemwambia. Kushikilia alikuwa amemwambia. Kuachia hakusema tena.

Alikimbia katikati ya mtaa, bisibisi bado mkononi. Aliona taa nyekundu za breki zikiwaka na gari halisimami. Aliona lori likija.

"Achia!" alipiga kelele. "Shemeji, achia!"

Sauti ikaanguka. Gari likasita, likasimama pua yake ikichungulia barabara kuu, na lori likapita mbele yake likipuliza vumbi.

Alipofika, dada yake alikuwa amekaa chini ukingoni, viatu vimemtoka.

"Nilikanyaga breki kwa miguu miwili," alinong'ona. "Pedeli ya mafuta ilikuwa imelala chini peke yake. Halafu ikainuka. Kama mtu kaondoa mguu."

Sikio akamweleza yote. Dada yake alimsikiliza mpaka mwisho, hakulia.

"Kuhusu gari hili alikuwa hamsikii mtu ila wewe," alisema.

Jirani mmoja alimchukua kwa pikipiki akamfuate mtoto. Sikio akalisukuma gari kurudi gereji na watu wa duka la vyerehani, na walipoondoka akafungua boneti akang'oa betri. Alikuwa ameikumbatia kifuani, nzito, anaipeleka bandani, taa ya injini ilipowaka kwenye dashibodi. Haina umeme. Ikapepesa.

Harufu ya kafuri ikajaa.

"Nimeachia, shemeji," sauti ikanong'ona kutoka kiti cha dereva. "Nifanye nini sasa?"

Gari liko pale mpaka leo, kando ya pikapu isiyo na injini. Mtoto alipona. Dada yake anabeba mapazia begani, na kila akipita getini anauliza, "Kaka, gari langu lini?" naye anamjibu kuna kipuri anakitafuta. Sikio amekonda. Hasafiri, halali kwa watu, hata akiugua hujikokota mpaka gereji, kwa sababu kila jua likishuka taa ile huwaka na mtu hungoja kuambiwa.

Neno moja lingetosha. Shuka. Amelifikisha kwenye ulimi mara nyingi, akalimeza. Akimwambia shuka, atashuka. Na akishuka atakwenda wapi? Ana nyumba moja tu, na mkewe yumo, na mtoto yumo.

Kwa hiyo jioni Sikio huvuta kigoda, huketi mbele ya boneti lililofungwa, na kusema neno ambalo mafundi wote huwaambia wenye magari.

"Subiri, shemeji. Subiri kidogo."

Na hadi sasa shemeji anasubiri. Ila siku hizi, kabla ya kunyamaza, hukanyaga kidogo.